Cheti Kisicho na Gauni

Siku ya kuniaga ofisini Thika, keki ilikuwa bado haijakatwa Nekesa aliponivuta kando. Nekesa ni kijana wa Webuye, ana digrii ya uthamini wa ardhi na majengo, na yuko nasi kwa mafunzo ya kazi tangu amalize chuo. Aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelitafuna wiki nzima.

"Madam, nimepata nafasi ya masters, full time. Na bodi nao wanataka nimalize training ndio niitwe interview. Niende wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mshereheshaji akaniita nije nikate keki. Nikamjibu kwa mkato, "Inategemea." Aliniangalia kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa supu.

Sasa nimestaafu, nina wakati, na jibu kamili ni hili hapa. Nawaandikia na ninyi wengine mliobaki pale ofisini, maana najua swali si la Nekesa peke yake. Vyeo vyangu sitavitaja. Kila cheo nilichopewa kilikuja na mlango mpya na kazi ile ile. Mshahara pia nauacha. Ulitosha kulalamikia.

Nilipoanza kazi, ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Mpaka leo nikinusa dawa ya kupe nakumbuka bei za ploti. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Gitonga, mthamini aliyesajiliwa na bodi, mtu mrefu aliyekuwa akizungumza kama anayelipia kila neno. Muhuri wake ulikaa kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo ulining'inia kwenye mshipi wake. Nilimpa cheti changu cha digrii, kilichokuwa kwenye bahasha ambayo mama yangu aliipiga pasi. Akakisoma chote, hata majina ya waliotia sahihi. Akaniuliza mradi wangu wa mwisho chuoni ulihusu nini. Nikamwambia: jinsi serikali inavyotwaa ardhi ya watu kwa ajili ya barabara. Akaniomba nimwazime kazi hiyo. Aliirudisha na maswali ya penseli pembeni, na mengine sikuweza kuyajibu.

Siku hiyo hiyo akaniuliza navaa kiatu namba gani. Kesho yake nilikuta gumbuti mpya kwenye kiti changu.

Kwa wale ambao hawajui kazi yetu, tofauti iko hivi. Digrii inasema umesoma. Usajili wa bodi unasema unaruhusiwa kutia sahihi. Ili uupate, unafanya kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa, unaandika ripoti, kisha unakaa mbele ya jopo la wazee wa taaluma wanaokuhoji juu ya zile ripoti mpaka shati lishike mgongo. Ukipita, jina lako linaingia kwenye orodha. Benki ikiliona chini ya ripoti, inaikubali. Ripoti ikiwa na kasoro, anayeitwa kueleza ni wewe. Kabla ya hapo, hata uandike ripoti nzuri namna gani, ni karatasi tu mpaka mwenye jina aitie mkono.

Kwa Gitonga nilijifunza vitu ambavyo chuo hakina nafasi ya kuvifundisha, na chuo kilikuwa kimenifundisha vitu ambavyo Gitonga alikuwa hajapata nafasi ya kuvisoma. Tulikuwa tunabadilishana. Shamba la Ngoliba, aliniambia, usiliangalie wakati wa mvua peke yake, maana wakati wa mvua kila shamba la Ngoliba ni zuri. Uliza maji yanatoka wapi Septemba. Kiandutu, usiulize kodi ya chumba kwa mlinda ploti, uliza anayelala humo. Ngoingwa, kwenye zile nyumba za familia, anza na jikoni, kwa sababu sebule hupakwa rangi siku ya kuuza. Mimi nikamwonyesha hesabu za kuleta kodi za miaka ijayo kwenye thamani ya leo, ambazo yeye alikuwa akizipiga kwa mkato wa zamani. Alizifanyia mazoezi nyuma ya kalenda, kimya, mpaka akaziweza. Tulizunguka na kamera ya filamu, kanda ndefu ya kupimia, ramani iliyokunjwa mpaka mikunjo ikawa matundu, na chupa ya chai ambayo alikataa kabisa mtu mwingine aibebe.

Basi nikiwa karibu kumaliza mafunzo, ndipo nafasi ya uzamili ikaja. Tuliipata wawili, mimi na rafiki yangu Achieng. Tulisoma darasa moja chuoni, na yeye alikuwa binti wa fundi wa kiwandani hapo Thika, kwao ni Kisumu lakini Kikuyu anakizungumza kunishinda. Masomo ni ya kutwa, yanalipiwa, na tulitakiwa kujibu kabla ya mwezi kwisha. Kama ningekwenda, mafunzo yangu kwa Gitonga yangekatika na kuhesabiwa upya nikirudi.

"Wanjiku, twende," Achieng aliniambia. "Hiyo bodi itaenda wapi? Itakungoja hapo."

Baba yangu naye alikuwa na msimamo wake. Ukuta wa sebule yetu ulikuwa na picha ya kaka yangu akiwa na gauni la mahafali, ameshika cheti kama ameshika fimbo ya enzi. Siku hiyo alichinjiwa mbuzi. Na mimi, siku ya digrii yangu, picha ikawekwa, mbuzi akachinjwa. Baba aliielewa elimu kwa namna hiyo, na sioni kosa lake. Mtu aliyeacha shule darasa la nne ana haki ya kutaka kuona kitu kwa macho. Nikamweleza kuhusu bodi. Akanisikiliza vizuri, kisha akauliza:

"Na hiyo ya bodi, gauni yake ni rangi gani?"

"Haina gauni, Baba."

"Sherehe je?"

"Hakuna. Ukipita wanakutumia cheti."

"Haiya!" akasema. "Sasa mbuzi tutachinjia nini?"

Mama alicheka, mimi nikacheka, lakini nilikwenda kulala nikiwa nimeumia. Kesho yake nilinunua sanduku la nguo, lile gumu la kufuli mbili. Nilikuwa nimeamua kwenda na Achieng, ila sikuwa nimemwambia Gitonga. Hapo ndipo ikaja kazi ya Ruiru.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mzee mmoja aitwaye Njuguna alikuwa amefariki, na wanawe, wakiongozwa na kifungua mimba wao Kariuki, walikuwa wanauza ploti ya baba yao kwa mtu wa kujenga fleti. Mnunuzi anakopa benki, benki inataka thamani. Kariuki akanipeleka mpaka ploti, chini karibu na mto. Mahindi, nduma pale penye unyevu, hakuna jengo. Akanipa na nakala ya hatimiliki.

"Hapa ndipo tumelima tangu tuzaliwe," alisema. "Kila mtu anajua hii ni ya Njuguna."

Nilipanda juu barabarani nikatafuta jiwe la mpaka kwenye kona, nikafungua ramani, nikaanza kupima nikishuka. Nilipofika kwenye namba ya ile hatimiliki, sikuwa kwenye mahindi. Nilikuwa nimesimama mbele ya ua la miiba ya kaiyaba, na ndani yake nyumba ya mawe, tangi la maji, na mama mmoja anaanika maharagwe. Nikapima upya nikianzia upande wa pili. Nikarudi pale pale.

Mama huyo alikuwa Mama Nyambura, mjane. Nilipomuuliza kama anaijua ploti ya Njuguna, akacheka.

"Wee mami, ya Njuguna ni hiyo chini. Lakini kwa kura, yeye aliokota hii, sisi tukaokota hiyo ya mto. Yeye alikuwa anataka nduma. Mzee wangu alikuwa anaogopa maji. Tukabadilishana. Chai tulikunywa hapa hapa, na wazee walikuwa hapo."

"Na title, mama, mlibadilisha?"

"Title zilikuja baadaye sana. Yangu iko kwa sanduku. Kwani inasema nini?"

Wanaojua Ruiru na Thika wanajua habari hii. Ardhi kubwa ilinunuliwa na kampuni za wanahisa, watu wakaokota kura kupata ploti zao, kisha wakabadilishana wenyewe kwa wenyewe: huyu anataka barabara, yule anataka mto, huyu hataki kukaa karibu na shemeji yake. Walikunywa chai, wakapanda itoka mpakani, yale maua ya yungiyungi ambayo Mkikuyu akishayapanda kwenye mpaka hayang'oi. Yakaisha. Lakini hatimiliki zilipotoka miaka mingi baadaye, zilitoka kwa kura ya kwanza, na wengi hawakuzisoma namba. Walizifunga kwa nailoni wakaweka sandukuni.

Kama ningethamini shamba la mahindi nililoonyeshwa, mauzo yangepita, na mnunuzi angeamka siku moja na hatimiliki halali ya nyumba ya Mama Nyambura. Angekuja na trakta, na sheria mkononi.

Nikaandika ripoti yangu nikampelekea Gitonga. Akaisoma, akachukua kofia, akasema kesho tunakwenda. Kesho yake alipima yote niliyopima, kuanzia jiwe la kona, bila kuangalia namba zangu. Nilimfuata nikishika upande wa pili wa kanda na nikamkasirikia kidogo, nikidhani haniamini.

Tulikuwa hatujamaliza, mnunuzi akafika na gari lake, Kariuki kando yake. Gitonga akawaeleza. Kariuki akashika kichwa. Mnunuzi hakushika kichwa. Aliangalia ploti ya juu, akaangalia barabara, na nikaona uso wake unachangamka.

"Lakini hii ndio nzuri zaidi," akasema. "Title inasema hapa, si ndio? Andikeni hapa. Ploti tupu. Hiyo nyumba tutashughulika nayo baadaye. Kariuki, hata bei tunaongea upya."

"Nyumba iko na mtu ndani," nikasema.

Akanigeukia. "Wewe umesajiliwa?"

"Bado."

"Basi ngoja wenye wamesajiliwa waongee."

Nilikuwa na digrii ya daraja zuri na ramani mkononi. Nasema ukweli, iliniuma kuliko ningependa kukubali, na iliniuma kwa sababu alikuwa sahihi. Nilijua yote yaliyohitajika kujulikana kuhusu udongo ule, na jina langu halikuwa na uzito hata wa kuzuia jani.

Gitonga alikuwa anakunja kanda. Hakuinua sauti.

"Wenye wamesajiliwa ndio mimi. Aliyopima huyu nimepima tena, na yako sawa. Ripoti yangu itasema nyumba iko, mama yuko ndani, na shamba tuliloonyeshwa si la title hii. Ukitaka ripoti inasema ingine, tafuta jina ingine."

Mnunuzi alijua, nasi tulijua, kwamba benki haiwezi kutoa mkopo juu ya ripoti kama hiyo. Akasema maneno mawili matatu ambayo sitayaandika, akaondoka na vumbi lake.

Akabaki Kariuki, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipokuwa, kwa sababu ripoti yetu ilikuwa imemfungulia macho. Kwa karatasi, ploti ya juu, ya barabarani, nzuri zaidi, ilikuwa ya baba yake. Wanunuzi Ruiru hawakosekani. Angetaka, angetafuta wakili, na sahihi ya Gitonga isingemzuia. Mama Nyambura alikuwa ametoka na kusikia yote. Hakulia wala hakubishana. Alienda akasimama kwenye mstari wa itoka.

"Baba yako ndiye alishika jembe," alimwambia Kariuki. "Mzee wangu akashika itoka. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako."

Kariuki akatembea kando ya ule mstari mpaka chini akarudi. Alichukua muda. Njiani akasimama mahali mbuzi walipokuwa wamefukua mzizi mmoja, akausukumia udongo kwa kiatu, nadhani hata hakujua anafanya hivyo. Alipofika akasema:

"Mama, leta title yako tuone namba. Baba alikunywa hiyo chai. Mimi siwezi kuitapika."

Familia zile mbili zilikwenda ofisi ya ardhi kubadilishana hatimiliki. Ilichukua muda kama vitu vya ofisi ya ardhi vinavyochukua muda, watu walioanza safari hiyo wakiwa na meno mawili ya mbele walimaliza wakiwa na moja. Lakini ilikwisha. Kina Kariuki waliuza ile ya mto kwa mtu mwingine, ikiwa na namba yake halisi.

Siku ile tukirudi Thika ndani ya pikapu ya Gitonga, nilimuuliza kwa nini alipima upya kama ananiamini.

"Nakuamini," alisema. "Lakini nikiulizwa, siwezi kusema niliambiwa."

Jioni hiyo nilimpelekea Achieng lile sanduku la kufuli mbili. Aliniita mjinga, kisha akanikumbatia, kisha akalichukua, kwa sababu lilikuwa sanduku zuri.

Sitaki mtu asome hapa aseme huyu mama anadharau masomo. Nilimsimulia Achieng kisa cha Ruiru, na yeye akakifanyia utafiti wake wa uzamili. Alizunguka ploti za kampuni akiuliza wazee nani alibadilishana na nani, akagundua jambo hilo liko kila mahali, na wengi hawajui. Leo ni profesa. Lile swali unaloanza nalo kila ukifika kwenye ploti ya kampuni, Nekesa, lile la "Mlibadilishana?", yeye ndiye aliyekufundisha darasani. Mimi niliokoa nyumba moja nikiwa mshika kanda. Yeye ameokoa nyingi ambazo hatazijua. Ila shamba la mama yake kule Kisumu lilipohitaji ripoti ya benki, aliniita mimi, na nilipima kila kitu upya mbele yake, akakasirika nilivyokasirika mimi. Nilifurahi sana siku hiyo.

Kwa hiyo jibu langu si tena "inategemea". Ukiona kinachokukosesha usingizi ni kwa nini ardhi yetu iko hivi ilivyo, nenda kwa uzamili, na usigeuke nyuma. Ukiona ni kwamba mtu anaweza kukuambia ngoja wenye wamesajiliwa waongee, baki umalize bodi kwanza. Uzamili unaingia hata ukiwa na mvi. Mafunzo yakikatika katikati yanauma kuyaanza tena. Mimi nakuona wewe ukiwa uwanjani, unavyorudi kupima mara ya pili bila kuambiwa. Kwa macho yangu, wewe ni wa kubaki. Lakini macho ni yangu na maisha ni yako.

Bado kuna jambo la mbuzi.

Niliitwa na jopo, nikahojiwa, wakaniuliza kisa cha Ruiru kwa undani, nikajibu, nikapita. Cheti kilikuja kwa posta, kimekunjwa ndani ya bomba la karatasi. Baba alikinyoosha mezani, akakigeuza nyuma, akatafuta picha. Alinipongeza kwa mkono, akakiweka juu ya redio, chini ya kitambaa. Nilijua mambo yako hivyo.

Jumamosi iliyofuata mtu akabisha langoni. Alikuwa Mama Nyambura, amevaa kanzu yake ya kanisa, na nyuma yake Kariuki anavuta mbuzi aliyekuwa hataki kabisa kuingia. Gitonga alikuwa amewaambia.

"Baba Wanjiku," alisema Mama Nyambura, baada ya salamu, "nimeambiwa kwa hii nyumba mtu amepita na hakujachinjwa."

Baba akaona haya. "Ni cheti tu, mama. Hata haina gauni."

"Mimi gauni sijui. Mimi najua nalala kwangu."

Baba akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kutafuta kisu. Nikasikia nyundo. Alikuwa anapigilia msumari ukutani, kati ya picha ya kaka yangu na yangu, na cheti kiko mdomoni mwake kwa ukingo, kama fundi anavyoshika misumari.

Kwa hiyo, Nekesa, ukichagua uzamili, kwenu watakuchinjia, sina wasiwasi. Ukichagua bodi, siku ukipita nitumie ujumbe uniambie Webuye nishukie wapi. Mbuzi nitamvuta mwenyewe.